Usonji Nyumbani: Kinachotangulia Kubadilika ni Nyumba

Katika familia nyingi zenye mtoto mwenye usonji, mazungumzo huanza kwa maswali yasiyomsaidia mtoto. Mjomba anauliza atapona lini. Jirani anauliza kalogwa na nani. Shangazi anasema mtoto kadekezwa, achapwe atakaa sawa. Huku hayo yakisemwa sebuleni, mtoto mwenyewe yuko chumbani ameziba masikio kwa viganja, kwa sababu mashine ya kukatia vyuma ya fundi mageti wa nyumba ya pili inapiga kelele tangu asubuhi. Hakuna aliyeifikiria mashine.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya kila 127 duniani alikuwa na usonji. Sensa ya 2022 iliihesabu Tanzania kuwa na watu milioni 61.7. Tukikitumia kiwango hicho cha dunia kama kipimo cha kukadiria tu, tunazungumzia watu zaidi ya 480,000 katika nchi hii moja. Hao hawaishi hospitalini. Wanaishi majumbani, pamoja na ndugu, bibi, wapangaji wenza na wageni wasiokatika. Kwa hiyo swali kubwa la usonji kwetu ni swali la nyumbani: mtoto aamke vipi, aoge vipi, ale nini, alale vipi, na wanaoishi naye wafanye nini siku inapomlemea. Hoja yangu ni kwamba sehemu kubwa ya nafuu ya mtoto hupatikana kwa kuibadilisha nyumba kabla ya kumbadilisha yeye, na kwamba familia zetu pana zinaiweza kazi hiyo, ilimradi watu wazima wote wa nyumba wafuate njia moja.

Lawama zilivyotupotezea muda

Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, alichapisha maelezo ya watoto 11 ambayo ndiyo yaliyoanzisha utafiti mwingi wa usonji. Katika maelezo hayo aliandika bayana kwamba sauti kubwa na vitu vinavyojongea viliweza kuwatia watoto hao hofu kuu: lifti, mashine za kufyonza vumbi, maji yanayotiririka, hata upepo. Ilikuwa taarifa yenye thamani, lakini wataalamu wengi wa miongo iliyofuata waliipita wakamgeukia mzazi. Kanner mwenyewe aliwahi kuwaeleza wazazi hao kuwa wakavu wa mapenzi, na mwaka 1967 Bruno Bettelheim akaieneza zaidi dhana hiyo kwa kitabu chake The Empty Fortress. Bernard Rimland, mwanasaikolojia aliyekuwa pia baba wa mtoto mwenye usonji, alikuwa ameshaipinga tangu 1964 kwa kuonyesha kwamba chanzo kiko katika maumbile ya ubongo. Hata hivyo mama wengi waliendelea kuhukumiwa. Ni mwaka 2013 tu ndipo mwongozo wa utambuzi wa Marekani, DSM-5, ulipoziweka tofauti za hisi rasmi miongoni mwa vigezo vya usonji, miaka 70 baada ya Kanner kuziona.

Kwetu lawama haikupitia vitabuni, ila imemfikia mama yule yule. Ataambiwa alivunja mwiko akiwa mjamzito, au kwao kuna majini, au amepewa adhabu kwa dhambi ya zamani. Baba naye mara nyingi hujitenga, na wapo wanaoondoka kabisa. Nguvu za familia huishia kumtafuta mkosaji, na mtoto anabaki na kelele zake.

Ukweli unaojulikana sasa unatosha kuifunga kesi hiyo. Usonji ni tofauti ya ukuaji wa ubongo inayoanza mapema sana, urithi wa vinasaba ukichangia kwa sehemu kubwa, na malezi hayausababishi. Chanjo nazo haziusababishi: makala ya Andrew Wakefield ya 1998 iliyozua hofu hiyo ilihusu watoto 12 tu na ilifutwa mwaka 2010 na jarida lililoichapisha, ilhali utafiti wa Denmark wa 2019 uliwafuatilia watoto 657,461 bila kuona uhusiano wowote kati ya chanjo ya surua na usonji. Mama aliyebeba hatia hii miaka mingi ana haki ya kuutua mzigo huo.

Mwili unaoipokea dunia kwa kipimo kingine

Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2007 uliona kwamba zaidi ya asilimia 90 ya watoto wenye usonji walikuwa na tofauti za hisi. Tofauti hizo huelekea pande mbili. Kuna mtoto anayepokea kupita kiasi: mwanga wa taa ya mrija unamchoma macho, harufu ya dagaa inamfanya atapike, mguso mwepesi wa begani anausikia kama maumivu. Kuna anayepokea pungufu: anaungua asilie, anagonga ukuta kwa bega, anazunguka papo hapo bila kupata kizunguzungu, anatafuna kola ya shati hadi inachanika. Mara nyingi pande zote mbili hukutana kwa mtoto mmoja, naye aweza kukimbia sauti ya blenda huku akipiga sufuria siku nzima. Sufuria anaipiga mwenyewe na anajua mshindo utakuja lini. Blenda humjia bila taarifa.

Zaidi ya kuona, kusikia, kunusa, kuonja na kugusa, mwili una hisi za ndani ambazo shuleni hatufundishwi sana: ya usawa, ya kujua viungo viko wapi na vinatumia nguvu kiasi gani, na ya kutambua njaa, kiu, haja na maumivu. Mtoto ambaye hisi hii ya mwisho ni hafifu huweza kushinda na njaa bila kuijua, kisha akalipuka jioni bila sababu anayoweza kuieleza. Familia hudhani ni ukaidi, kumbe tumbo limekaa tupu tangu asubuhi.

Anayeifafanua hali hii vizuri ni mwenye kuishi nayo. Temple Grandin, aliyezaliwa mwaka 1947 na sasa ni profesa wa sayansi ya wanyama katika Chuo Kikuu cha Colorado State, hakuweza kuvumilia kukumbatiwa alipokuwa mdogo, ingawa mwili wake ulitamani kubanwa. Alipowaona ng'ombe wa shangazi yake wakitulia ndani ya kizuizi kinachowabana ubavuni, alijitengenezea mashine ya kujibana mwenyewe. Alichogundua ni kwamba mguso mwepesi ulimvuruga, na mbano imara, anaoutawala yeye, ulimtuliza. Mama zetu wanalijua jambo hili kwa mikono: mtoto anayelia hufungwa mgongoni kwa kanga, akabanwa, akatembezwa, akanyamaza.

Kuanzia asubuhi hadi usiku

Mabadiliko mengi yanayofaa hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji mtu anayetazama. Kuoga ni mfano mzuri. Kopo la maji linalomwagwa kichwani ghafla humjia mtoto na mambo manne kwa mkupuo: baridi, uzito, maji masikioni na sabuni machoni. Akipiga mayowe, anashikwa kwa nguvu, na la tano linaongezeka. Njia nyingine ni kuyapasha maji moto kidogo, kuanzia miguuni kupanda juu, kumpa kopo ajimwagie mwenyewe, kichwa kukifuta kwa kitambaa kilicholowa, na kuhesabu hadi kumi kwa sauti ile ile kila siku ili ajue mwisho uko wapi. Mtoto aliyekuwa akishikwa na watu wawili huweza baada ya wiki kadhaa kuingia bafuni kwa miguu yake.

Sare ya shule nayo ina mitego yake. Shati jipya la kitambaa kigumu lifuliwe mara kadhaa kabla ya kuvaliwa. Lebo ya shingoni ikatwe na mabaki ya uzi yafumuliwe, maana kipande kidogo kinachobaki hukwaruza zaidi ya lebo nzima. Soksi zivaliwe nje ndani ili mshono usiguse vidole, na ndani ya shati ivaliwe fulana laini ya pamba. Tai na sweta ni mambo ya kuzungumza na mwalimu mkuu mapema, mzazi akieleza kwamba mtoto aliyetulia bila sweta ataandika, na aliyevalishwa kwa nguvu atashinda akijikuna.

Kwa nywele, mashine ya kinyozi humchanganyia mtoto sauti, mtetemo na vinyweleo shingoni. Aizoee ikiwa imezimwa kwanza, kisha ikiwa imewashwa mbali, kisha mgongoni mwa mkono wake, kwa siku tofauti na kwa muda ambao saluni haina watu. Msichana anayeteswa na kusukwa anyolewe nywele fupi, na wanawake wa ukoo waliache jambo hilo lipite.

Chakula huleta ugomvi zaidi kuliko yote, kwa sababu kwetu kukataa chakula ni kumkosea aliyepika. Lakini mtoto anayekula wali mkavu tu huenda anaukimbia ute wa bamia au mchanganyiko wa mchuzi na wali mdomoni. Sinia la pamoja lina harufu nyingi, mikono mingi na mguso usiotabirika. Apewe sahani yake, vyakula visigusane, na chakula kigeni kiwekwe pembeni kidogo sana, siku baada ya siku, bila kulazimishwa kukionja. Kulazimisha huongeza woga wa chakula. Hata hivyo, akibaki na vyakula vitatu au vinne tu, akikonda, au akila udongo na rangi ya ukutani, apelekwe kituo cha afya, kwa sababu upungufu wa damu na wa vitamini huja kimyakimya.

Usiku, watoto wengi wenye usonji hupata shida ya kulala, na kwetu kuna chandarua. Mtoto asiyevumilia wavu ukimgusa usoni atautoa, na katika nchi ya malaria hilo ni hatari ya kweli. Chandarua cha pembe nne, kilichofungwa juu na mbali na kichwa, kikachomekwa vizuri chini ya godoro, huacha nafasi pana isiyomgusa. Blanketi zito linalosifiwa sana mitandaoni si jambo la kuuzia mbuzi: jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka 2014 liliona kwamba watoto na wazazi walilipenda kuliko la kawaida, ila halikuongeza usingizi. Saa ile ile ya kulala, taa hafifu na simu kuzimwa mapema ndiyo mambo ya kuanza nayo.

Kuna hazina nyingine tunayoiacha bure, nayo ni kazi za nyumbani. Wataalamu wa tiba kwa vitendo, wanaofuata msingi uliowekwa na Mmarekani A. Jean Ayres kuanzia miaka ya 1960 na 1970, huwapa watoto shughuli za kusukuma, kuvuta na kubeba ili misuli ipate kazi na mwili utulie. Ushahidi wa tiba hiyo bado ni wa wastani, na mzazi asitarajie miujiza. Lakini kutwanga kwenye kinu, kukanda unga wa chapati, kubeba ndoo nusu ya maji na kusukuma toroli ni shughuli za aina hiyo hiyo, nazo humpa mtoto nafasi ya heshima ndani ya nyumba.

Kelele zinazotabirika na zisizotabirika

Hatuwezi kuinyamazisha mitaa yetu. Kuna adhana, kuna maombi ya mkesha, kuna muziki wa harusi hadi alfajiri, kuna konda anayegonga bati la daladala na jenereta inayowashwa umeme ukikatika. Lakini kelele inayotarajiwa humuumiza mtoto kidogo kuliko inayomvamia. Adhana ina wakati wake, na mtoto akikumbushwa dakika chache kabla hupata nafasi ya kujiandaa. Ratiba ya picha ukutani, hata iliyochorwa kwa mkono, humwonyesha kinachofuata: uji, shule, mchezo, kuoga, kulala. Siku mpango ukibadilika, picha ibadilishwe mbele yake.

Vizuia kelele vya masikioni wanavyovaa mafundi hupatikana katika maduka ya vifaa vya ujenzi. Vinafaa kwa safari, sherehe na sokoni. Visivaliwe kutwa nzima, maana masikio yaliyozoea ukimya huzidi kuumizwa na sauti ndogo.

Msiba ni mtihani wa pekee: vilio vya ghafla, umati, kukumbatiwa na watu asiowajua, kulala nyumba ya watu. Kumficha mtoto si jibu, kwa sababu marehemu ni ndugu yake pia. Apelekwe saa ambayo watu ni wachache, aelezwe kabla atakayoyaona, na ndugu mmoja apewe jukumu hilo tu: kukaa naye na kuondoka naye mara anapoanza kulemewa. Mama mfiwa asiachiwe yote mawili.

Baadhi ya watoto hawa hutoroka, ama kwa kuzikimbia kelele ama kwa kukifuata wanachokipenda, na maji huwavuta wengi. Utafiti wa Marekani wa 2012 uliohusu watoto 1,218 wenye usonji uliona kwamba karibu nusu yao waliwahi kujaribu kutoroka angalau mara moja baada ya kutimiza miaka minne, na kuzama majini ni miongoni mwa hatari kubwa zaidi. Kwa familia za pwani, za kandokando ya Ziwa Victoria, au zenye kisima uani, hilo linamaanisha kufunika kisima, kuweka kitasa cha juu mlangoni, kuwatambulisha majirani na bodaboda wa kijiweni kwa mtoto, na kumfundisha kuogelea mapema.

Kudeka na kuzidiwa

Hapa ndipo familia nyingi hukosana. Mtoto anayedeka analitaka jambo fulani, anatupia jicho kama anatazamwa, na akilipata ananyamaza. Mtoto aliyezidiwa hatafuti chochote. Huendelea kulia hata akipewa alichokuwa akikitaka, hata kama chumba hakina mtu. Mara nyingi kilichomfikisha hapo ni mlolongo wa siku nzima: soksi, kengele ya shule, jua, foleni, honi. Haba na haba hujaza kibaba, kisha mdogo wake anadondosha kijiko na yote yanamwagika.

Fimbo wakati huo huongeza maumivu kwa mwili uliokwisha kujaa maumivu, na humfundisha mtoto kwamba anapozidiwa watu wake wanakuwa hatari. Kinachofaa ni kupunguza: watu watoke, redio izimwe, maneno yawe machache, vitu vya kuumiza viondolewe, mtu mmoja anayeaminika abaki karibu bila kumshikashika. Kujitikisa au kupunga mikono si aibu ya kukomeshwa, ni njia yake ya kujituliza. Baadaye, akishatulia, ndipo watu wazima waandike kwenye daftari kilichotangulia. Baada ya mwezi, daftari hilo litawaonyesha mambo ambayo hakuna aliyeyakumbuka.

Kazi hii haiwezi kufanywa na mama peke yake. Bibi akimlazimisha kula, dada wa kazi akimfungia, baba akichapa na mama akibembeleza, mtoto anaishi katika nyumba nne kwa wakati mmoja. Inafaa watu wazima wakae kikao, kama tunavyokaa kwa ajili ya harusi, wakubaliane mambo machache: anaogeshwaje, nini kinafanyika akizidiwa, nani anampokea mama jioni. Ndugu zake waelezwe kwa lugha ya umri wao, na wapewe muda wao na wazazi, maana mtoto asiyesumbua ni rahisi kusahaulika. Dua na sala zina nafasi yake ya kuwatia watu nguvu. Lakini mahali popote ambapo mtoto anafungwa kamba, anashindishwa njaa au anapigwa ili atolewe pepo, mzazi ana wajibu wa kumchukua na kuondoka.

Ushauri unaopotosha na tiba zinazouzwa

Wazazi wengi hushauriwa waache Kiswahili au lugha ya kabila na kumsemesha mtoto Kiingereza tu, eti lugha mbili zinamchanganya. Familia za diaspora huambiwa hivyo pia. Utafiti uliofanyika Montreal na kuchapishwa mwaka 2012, ukihusisha watoto 75 wenye usonji, haukuona kwamba waliokulia katika lugha mbili walichelewa zaidi ya waliokulia katika lugha moja. Mtoto anayenyimwa lugha ya bibi yake ananyimwa pia bibi. Kwa asiyesema kabisa, picha na ishara zitumike; humpa njia ya kuomba maji badala ya kupiga kichwa ukutani.

Kuhusu tiba za kuuzwa, familia iwe kali. Hakuna dawa inayoondoa usonji. Zipo dawa za kusaidia usingizi, kifafa au wasiwasi mkubwa, nazo hutolewa na daktari. Lakini dawa za kuondoa madini mwilini zilimuua mtoto wa miaka mitano huko Pennsylvania mwaka 2005, na wapo wanaouza kemikali ya kung'arishia nguo kama kinywaji cha tiba. Kiwanja kinachouzwa kugharimia ahadi za namna hiyo kingelipa nauli za kliniki kwa miaka.

Pale nyumba inapofika mwisho

Nyumba ina mpaka. Haiwezi kumfanyia mtoto uchunguzi, wala kupunguza darasa la wanafunzi mia. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009 na kutunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2010, na Kenya iliuridhia mwaka 2008. Vipo vitengo vya watoto wenye usonji katika baadhi ya shule za umma, na Moshi, katika hospitali ya KCMC, wanafundishwa wataalamu wa tiba kwa vitendo. Lakini vitengo vimebanana mijini, na mzazi wa kijijini hulala njiani kumfikia mtaalamu mmoja.

Njia ya kuziba pengo hilo inajulikana. Shirika la Afya Duniani lina mafunzo ya walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9, yenye vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani, na yanaweza kuendeshwa na watu wasio wataalamu waliofundwa vizuri. Yamejaribiwa Ethiopia na Kenya, na yanajengwa juu ya mchezo na shughuli za kila siku za nyumbani. Tunao wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaopita nyumba kwa nyumba kwa ajili ya uzazi, chanjo na lishe. Wakiongezewa mafunzo haya, mama wa kijijini atapata mtu wa kumfundisha kuanzia miguuni anapomwogesha mtoto, badala ya kusubiri miaka apate jina la hali ya mwanawe. Halmashauri zinaweza kulipangia hilo bajeti mwaka huu, na wazazi wana haki ya kusimama katika mkutano wa kijiji au mtaa na kulidai kwa sauti.